Maisha ya Mtakatifu Damien wa Molokai, Padre wa Wenye Ukoma



Katika Jubilii hii ya kwaya yetu tumeona vyema tukumbushane maisha ya mtakatifu ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa jina tu. Sikukuu yake huadhimishwa tarehe 10 Mei. Alikuwa padre, seremala, mwosha vidonda na mchimba makaburi. Alianzisha pia kwaya, na kwaya hiyo inastahili kukumbukwa siku kama ya leo.

Kuzaliwa na wito

Jozef De Veuster alizaliwa tarehe 3 Januari 1840 katika kijiji cha Tremelo, Ubelgiji. Alikuwa mtoto wa saba katika familia ya wakulima waliofanya pia biashara ya nafaka, na baba yake alitarajia kwamba angeishika biashara hiyo. Lakini mwaka 1859 alijiunga na Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria mjini Leuven, ambako kaka yake Pamphile alikuwa ametangulia. Huko akapokea jina la Damien.

Pamphile ndiye aliyepangiwa kwenda kuhubiri Injili katika visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Safari ilipokaribia, akaugua homa kali. Damien, ambaye bado hakuwa padre, akawaandikia wakuu wa shirika akiomba aende badala ya kaka yake, nao wakamkubalia. Alifika Honolulu tarehe 19 Machi 1864, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, akapewa daraja ya upadre tarehe 21 Mei mwaka huohuo. Kwa miaka tisa alihudumu katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, akipanda milima kwa farasi na kujenga makanisa kwa mikono yake.

Ugonjwa wa kutenganisha

Wakati huo magonjwa mengi yaliyoletwa na meli za wageni yalikuwa yakiwamaliza wenyeji, na ukoma ulikuwa mmojawapo. Mwaka 1865 serikali ya Mfalme Kamehameha V ilitunga sheria kwamba wagonjwa wa ukoma watengwe. Kuanzia Januari 1866 walianza kupelekwa katika rasi ya Kalaupapa, kisiwani Molokai. Rasi hiyo imezungukwa na bahari pande tatu, na upande wa nne umezibwa na genge refu la mawe. Aliyepelekwa huko hakutarajiwa kurudi. Wenyeji waliuita ukoma ugonjwa wa kutenganisha, kwa sababu ulimtoa mtoto kwa mama yake na mume kwa mkewe.

Serikali ilidhani wagonjwa watalima na kujitegemea, lakini wengi walikuwa wamedhoofika mno. Wapo waliofuatwa na mume, mke au mzazi mwenye afya aliyekubali kufungiwa pamoja nao ili kuwatunza. Ndugu hao waliitwa kokua, na mapendo yao yalitangulia kazi ya mmisionari yeyote. Lakini asiyekuwa na ndugu alilala katika kibanda cha nyasi bila wa kumpa maji, wala hakukuwa na daktari aliyeishi huko. Akifa, mara nyingi alizikwa bila jeneza.

Mwaka 1873 Askofu Louis Maigret alitafuta mapadre wa kuwahudumia watu hao. Hakutaka kumlazimisha yeyote. Mapadre wanne walijitolea kwenda kwa zamu, na Damien akawa wa kwanza. Alifika tarehe 10 Mei 1873, akiwa na umri wa miaka 33. Zamu yake haikuisha. Alikaa huko miaka 16, hadi kifo chake.

Kuishi nao

Siku za kwanza alilala nje, chini ya mti wa jamii ya mkadi, karibu na kanisa dogo la Mtakatifu Philomena. Harufu ya vidonda ilimchafua moyo, akaanza kuvuta kiko ili aweze kuistahimili. Polepole alizoea. Aliosha vidonda na kuvifunga, akapigania mabomba ya kuleta maji safi kijijini, akajenga nyumba za mbao na makao ya watoto yatima. Alichonga majeneza mwenyewe, na makaburi akayachimba. Katika sala na mahubiri aliwataja wagonjwa na kujitaja yeye kama kundi moja la wenye ukoma, miaka mingi kabla ya kuugua. Alikula nao nduma zilizopondwa kutoka bakuli moja, kwa vidole, kwa maana kukataa chakula cha mtu katika desturi yao kulikuwa ni kumkataa mwenyewe.

Hakuwa mtu mpole wakati wote. Alikuwa na hasira za haraka, na wakuu wake pamoja na Bodi ya Afya walichoshwa na barua zake za kudai mbao, chakula na dawa. Kwa muda alikatazwa kutoka nje ya rasi. Siku moja mkuu wake alikuja kwa meli naye akakatazwa kushuka. Damien alipiga makasia hadi karibu na meli, akaungama dhambi zake kwa sauti akiwa ndani ya mashua, na mkuu wake akampa maondoleo kutoka juu.

Kwaya ya Kalawao

Katika kijiji cha Kalawao, Damien aliunda kwaya na bendi ya wagonjwa. Tutafakari hali yao. Ukoma hushambulia koo, hivyo sauti nyingi zilikuwa zimekwaruza. Ulikula vidole, na inasimuliwa kwamba wapiga kinanda wawili waliketi pamoja, kila mmoja akitumia vidole alivyobakiwa navyo, ili wimbo mmoja ukamilike. Kifo kiliwachukua waimbaji mara kwa mara, na wengine wakajifunza sehemu zao. Hata hivyo Misa iliimbwa, na maiti ilisindikizwa kaburini kwa maandamano na muziki.

Mtu aliyenyang'anywa nyumba, ndoa na jina lake njema alikuwa sasa na mahali pake katika safu ya sauti, na asipofika mazoezini aliulizwa yuko wapi. Dawa ya ukoma haikuwepo, na Damien hakuweza kumponya mtu. Alichoweza ni kumrudishia heshima aliyoumbwa nayo, kwa kumhesabu.

Mwisho wake

Mwezi Desemba 1884 Damien alitumbukiza mguu katika maji ya moto sana asisikie maumivu. Hiyo ilikuwa dalili, na mwaka 1885 madaktari walithibitisha kuwa ana ukoma. Aliendelea kujenga na kuadhimisha Misa kadiri mikono ilivyomruhusu. Mwaka 1886 alifika msaidizi wake, Joseph Dutton, na Novemba 1888 Mama Marianne Cope na masista wenzake Wafransisko. Hivyo Damien alijua kwamba watu wake hawataachwa. Alifariki tarehe 15 Aprili 1889, Jumatatu ya Juma Kuu, akiwa na miaka 49, akazikwa chini ya mti uleule aliolala siku za kwanza.

Baada ya kifo chake mchungaji mmoja wa Honolulu alimchafulia jina. Aliyemtetea mwaka 1890 alikuwa mwandishi Robert Louis Stevenson, aliyelelewa katika Kanisa la Presbiteri, ambaye alikuwa ametembelea Molokai na kuwasikiliza wagonjwa wenyewe. Mwaka 1936 mwili wa Damien ulirudishwa Ubelgiji. Alipotangazwa mwenyeheri mwaka 1995, mkono wake wa kulia ulirejeshwa katika kaburi la Kalawao. Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009.

Sisi leo

Leo ukoma unatibika kwa vidonge, na hapa Kenya Alupe, kule Busia, imetoa matibabu hayo kwa miaka mingi. Lakini genge la Kalaupapa bado liko katika vijiji vyetu. Yuko mtoto mwenye ulemavu anayefichwa wageni wakifika. Yuko mzee aliyeimba besi katika kwaya hii na sasa yuko kitandani, wala hatumwulizi tena. Yuko pia mgonjwa wa akili anayekaa nje ya lango la kanisa, nasi tunampita tukiwa tumevaa sare nadhifu.

Jubilii yetu itakuwa na maana tukirudi kwa hao, tukawaimbie nyumbani, na kwa wanaoweza kuja tukawaandalie kiti kati yetu.

Mtakatifu Damien wa Molokai, utuombee.