Sir Michael Wood: Mpasuaji aliyefuata wagonjwa kwa ndege hadi Turkana

Kabla ya barabara ya lami kutoka Kapenguria kufika Lodwar katika miaka ya 1980, mgonjwa mahututi wa Kakuma alikuwa na njia mbili tu. Ya kwanza ni kusafirishwa kilomita zipatazo 120 za mchanga na mikondo mikavu ya mito hadi Lodwar, kwa matumaini kuwa huko angempata mtu wa kumpasua. Ya pili ni kungoja mvumo wa injini angani. Mvumo huo, kwa wakazi wengi wa kaskazini mwa Kenya, ulihusishwa na shirika alilolianzisha daktari Mwingereza, Michael Wood, aliyefariki mwaka 1987.

Wood hakuanza maisha yake ya kazi kama rubani. Alisomea udaktari London, katika Hospitali ya Middlesex, na wakati wa vita akamwoa Susan Buxton, binti wa wamishenari aliyezaliwa Kongo. Miaka michache baada ya vita walihamia Kenya, na Wood akafanya kazi ya upasuaji Nairobi. Huko aliona jambo lililomsumbua kwa muda mrefu. Wapasuaji wote walikuwa mijini, ilhali umma wa Afrika Mashariki uliishi mashambani na nyikani. Waliofika kutoka mbali walifika wakiwa wamechelewa, na wengine hawakufika kabisa.

Katikati ya miaka ya 1950 alirudi Uingereza kujifunza upasuaji wa kurekebisha maumbile chini ya Archibald McIndoe. Huyu alikuwa bingwa kutoka New Zealand aliyepata sifa katika mji mdogo wa East Grinstead kwa kuwatengenezea upya nyuso na mikono marubani walioungua vitani. Kwa hiyo mwalimu wa Wood alikuwa mtu aliyejua vyema ndege humfanya nini binadamu inapotua vibaya.

Mwaka 1956 watu watatu, yaani Wood, McIndoe na mpasuaji wa Marekani Tom Rees, walikaa kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, upande wa Tanganyika, ambako Wood alikuwa na shamba, wakachora mpango wao. Mwaka uliofuata shirika likazaliwa. Ndilo lililokuja kujulikana kama AMREF, na huduma yake ya Madaktari wa Ndege ikawa maarufu kuliko shirika lenyewe. McIndoe hakuishi kuona matunda mengi, kwani alifariki mwaka 1960. Mzigo wa kila siku ulibaki kwa Wood, ambaye kufikia hapo alikuwa amejifunza mwenyewe kurusha ndege.

Kwa mbali wazo hilo laonekana jepesi: daktari apande ndege, ashuke, atibu, arudi. Ugumu wote umo katika neno hilo ashuke. Ndege hutua na kupaa ikiukabili upepo, maana upepo wa mbele huongeza nguvu ya mabawa bila kuhitaji mbio nyingi ardhini. Turkana ina upepo wa kutosha. Unapita kwa nguvu kutoka kusini-mashariki katika uwazi ulioko baina ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, karibu mwaka mzima. Hivyo anayelima kiwanja huko hana budi kuupima upepo kwanza, ndipo akate vichaka. Lakini Turkana ina joto pia. Hewa yenye joto ni nyepesi. Mabawa hupungukiwa na cha kushika na injini hudhoofika. Ndege iliyotua vyema alfajiri yaweza kushindwa kupaa saa nane mchana kwenye kiwanja kile kile, hasa ikiwa imebeba mgonjwa, muuguzi na machela. Rubani mwenye busara huanza na hesabu ya kuondoka kabla hajafikiria kutua.

Tatizo la nafasi finyu, wanamaji walikuwa wamelikabili zamani. Tarehe 2 Agosti 1917 Edwin Dunning wa Uingereza alikuwa wa kwanza kutua juu ya manowari iliyokuwa ikienda, HMS Furious. Meli ilielekezwa upepo ulikotoka, ndege ikapunguza kasi hadi karibu ilingane na ya meli, kisha wenzake waliokuwa kwenye sitaha wakaidaka kwa mikono na kuishikilia kwa kamba. Siku tano baadaye alijaribu tena, ndege ikatumbukia baharini naye akafa. Manowari za kubeba ndege zilizotia nanga Kilindini, Mombasa, mwaka 1942 zilikuwa na nyaya za chuma zilizotandazwa sitahani ili kuinasa ndege kwa ndoano iliyoko mkiani. Zikaja pia mashine za kuifyatua ndege iwe na kasi ya kuruka katika muda wa sekunde mbili au tatu, na sitaha zilizopindishwa pembeni ili inayotua isizigonge zinazongoja kupaa. Hata hivyo msingi ulibaki ule wa Dunning: rubani hutegemea watu walio chini. Sitahani kila kundi huvaa rangi yake, wa mafuta rangi yao, wa kuongoza ndege rangi yao, na hakuna kinachosogea bila ishara.

Viwanja vya Turkana havikuwa na waya wala mashine ya kufyatua, na kiwanja hakigeuzwi kama meli pale upepo unapogeuka. Kilichokuwapo ni watu. Mtu wa kufukuza mbuzi na ngamia kabla ndege haijashuka. Mtu wa kukagua kama mvua ya jana imechimba mfereji katikati ya kiwanja. Mtu wa kusema ukweli kuhusu upepo. Ikiwa giza limeingia, mtu mwenye gari la kuwasha taa mwishoni mwa kiwanja.

Wood alilielewa hili mapema, na huenda ndiyo sababu shirika lake lilidumu. Katika miaka ya 1960 lilijenga mtandao wa redio uliounganisha zahanati na hospitali za mbali na Nairobi. Muuguzi aliyeketi mbele ya redio aliweza kueleza hali ya mgonjwa, kupata ushauri, na mara nyingi kuambiwa la kufanya bila ndege kuruka. Ndege ilipohitajika, mazungumzo hayo hayo yalieleza hali ya kiwanja. Mwaka 1964 alijiunga nao Anne Spoerry, daktari na rubani mwanamke kutoka Ufaransa, ambaye maisha yake na siri zake za wakati wa vita yastahili makala yake pekee.

Turkana ndiko huduma hiyo ilikokutana na adui ambaye ndege haikumtosha. Ugonjwa wa hidatidi huletwa na minyoo midogo aina ya tegu anayeishi ndani ya mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, yakashika kwenye manyoya, vyombo, maji na mikono. Yakimezwa na binadamu hujenga mfuko wa maji ndani ya ini au mapafu, ambao hukua taratibu kwa miaka mingi hadi tumbo likaonekana kama la mjamzito. Katika nyumba za wafugaji wa Turkana mbwa hakuwa mlinzi wa nje tu. Alikaa karibu na watoto na sufuria, na maji ya kuoshea yalikuwa haba mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 1982 ulionyesha kuwa kaskazini-magharibi mwa Turkana watu zaidi ya 200 kati ya kila 100,000 walipasuliwa kwa ugonjwa huo kila mwaka. Hakukuwa na kiwango cha juu kuliko hicho kilichojulikana popote duniani.

Wapasuaji waliruka kwenda kaskazini, wakatoa mifuko hiyo, wakaondoka. Waliporudi walikuta wagonjwa wapya. Hapa ndipo hukumu juu ya maisha ya Wood ni ngumu kuliko sifa anazopewa kwa kawaida. Picha ya daktari anayeshuka kutoka mawinguni ilileta michango kutoka Ulaya na Marekani, na bila michango hiyo pasingekuwa na redio wala petroli. Lakini picha hiyo hiyo ilificha ukweli kwamba kisu kilikuwa kikifuata nyuma ya mbwa. Kwa haki yake, Wood hakung'ang'ania ndege. Chini ya uongozi wake AMREF iliingia katika mafunzo ya wahudumu wa vijijini, vitabu vya afya na utafiti, na mwaka 1983 mpango wa kudhibiti hidatidi ukaanzishwa Turkana pamoja na Wizara ya Afya. Mbwa wazururaji walipunguzwa, waliobaki wakapewa dawa ya minyoo, na familia zikafundishwa kuwatenga na vyombo na watoto.

Mwaka 1985, akiwa amepewa cheo cha Sir, aliuacha uongozi wa shirika alilolilea kwa miaka karibu 30, na pamoja na David Campbell akaanzisha FARM-Africa, la kuwasaidia wakulima wadogo na wafugaji. Wengine walishangaa kumwona mpasuaji akigeukia mbuzi na mahindi. Njaa ya Ethiopia ilikuwa imetikisa dunia mwaka uliotangulia, na kwa mtu aliyewahi kuona wagonjwa wa nyikani kwa karibu, sababu haikuwa ngumu kuiona. Miaka miwili baadaye alifariki.

Mwaka huo huo wa 1987 ulichapishwa utafiti kuhusu mashine ndogo ya ultrasaundi, ya kubebeka, iliyojaribiwa miongoni mwa wafugaji wahamaji. Mtu alilala chini, mashine ikapitishwa tumboni, na mfuko wa hidatidi ukaonekana papo hapo, kabla ya kuwa mkubwa na bila kwenda Nairobi. Katikati ya miaka ya 1980 uchunguzi wa aina hiyo ulikuta ugonjwa kwa takriban asilimia 5.6 ya waliopimwa Turkana. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulikuta asilimia 1.9. Kakuma nayo ilibadilika. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, na kiwanja chake kikaanza kupokea ndege za mashirika ya misaada, zinazotua hadi leo zikiukabili upepo ule ule.