Steve McQueen: Mwigizaji aliyeipa hadhi saa ya uso wa buluu

MNAMO Machi 1969, kampuni ya Heuer ya Uswisi ilizindua saa ya mkononi iliyoitwa Monaco. Ilikuwa ya mraba ilhali saa nyingi za michezo zilikuwa za duara, na ilikuwa miongoni mwa saa za kwanza duniani zenye kipima-muda ambazo hazikuhitaji kutiwa ufunguo kila siku.

Mnunuzi angeweza kuchagua uso wa buluu wenye viduara vyeupe au uso wa kijivu wenye viduara vyeusi. Mtambo wa ndani ulikuwa ule ule. Aliyezitenganisha saa hizo mbili katika kumbukumbu za watu hakuwa fundi wala mfanyabiashara, bali mwigizaji wa filamu, Steve McQueen.

McQueen alizaliwa Machi 24, 1930, katika mji wa Beech Grove, jimbo la Indiana, Marekani. Babake aliitoroka familia mwana akingali mchanga, na mamake akashindwa kumlea ipasavyo. Akalelewa kwa muda katika shamba la mjomba wa mamake huko Slater, Missouri, na alipobaleghe akapelekwa Boys Republic, California, makao ya kurekebishia vijana watundu. Makao hayo hakuyasahau. Hata alipotajirika aliendelea kuyatembelea na kuyasaidia.

Baada ya kutumikia kikosi cha Marine kuanzia 1947 hadi 1950, aliingia katika uigizaji jijini New York. Filamu za The Magnificent Seven (1960), The Great Escape (1963) na Bullitt (1968) zilimfanya kuwa mmoja wa waigizaji mashuhuri zaidi wa enzi yake.

Hata hivyo, mapenzi yake makubwa yalikuwa magari ya mbio. Machi 1970, akiwa na mguu uliofungwa plasta, yeye na Peter Revson walimaliza wa pili katika mbio za saa 12 za Sebring, nyuma ya gari la Mario Andretti.

Mwaka huo huo alielekea Ufaransa kuigiza katika Le Mans. Alitaka afanane na dereva halisi, na kielelezo chake kilikuwa Jo Siffert wa Uswisi, ambaye vazi lake la mbio lilikuwa na nembo ya Heuer. McQueen akavaa vazi la namna hiyo, na ikabidi saa nayo iwe ya Heuer.

Siffert mwenyewe alivaa saa ya aina nyingine, Autavia yenye uso mweupe. Lakini filamu huhitaji saa kadhaa zinazofanana, iwapo moja itaharibika au kupotea. Monaco za buluu zilipatikana kwa idadi hiyo, naye akaivaa. Hivyo, rangi inayosifiwa leo kama chaguo la mtu mwenye jicho la urembo iliamuliwa kwa kiasi kikubwa na mahitaji ya kazi.

Kazi yenyewe ilimgharimu. Mwelekezi John Sturges alijiuzulu, dereva David Piper akapata ajali iliyosababisha akatwe sehemu ya mguu, na filamu ilipotoka 1971 haikuvuma. Oktoba mwaka huo, Siffert alifariki katika ajali uwanjani Brands Hatch, Uingereza. Saa ya Monaco pia haikupata wanunuzi wengi, na utengenezaji wake ukasitishwa katika miaka hiyo ya sabini.

McQueen alifariki Novemba 7, 1980, mjini Ciudad Juarez, Mexico, baada ya kufanyiwa upasuaji. Alikuwa na umri wa miaka 50, na alikuwa akiugua saratani inayohusishwa na vumbi la asbesto.

Umaarufu wa saa ulikuja baadaye. Monaco ilirejeshwa sokoni 1998 chini ya jina la TAG Heuer, na Desemba 2020 moja ya zile zilizotumiwa katika filamu, ambayo McQueen alikuwa amemzawadi mekanika wake, iliuzwa kwa mnada New York kwa zaidi ya dola milioni 2.2.

Anayesimama dukani leo akipima buluu na kijivu anapaswa kukumbuka hilo. Saa zote mbili huhesabu sekunde kwa usawa. Anacholipia zaidi kwa ajili ya buluu ni kumbukumbu ya mtu, na mtu huyo aliithamini kiasi cha kumpa fundi aliyemtunzia magari.