Grace Ogot: Muuguzi aliyekuwa mwandishi, kisha mbunge

Ukipita Butere, hapa Kaunti ya Kakamega, kumbuka kuna binti wa Asembo aliyesomea shule ya wasichana ya pale: Grace Ogot, aliyezaliwa 1930.

Unadhani ukishasomea kazi moja umefungwa nayo maisha yako yote? Hebu msikie huyu mama. Alisomea uuguzi Uganda, akaenda Uingereza, akawa mtangazaji wa BBC. Aliporudi alishughulikia maendeleo ya jamii Kisumu, halafu akawa afisa wa uhusiano mwema wa shirika la ndege la Air India, Nairobi.

Na uandishi je? Mwanzoni hadithi zake zilikataliwa, eti mambo ya kafara hayamfai mwanamke Mkristo. Hakutupa kalamu. Mwaka wa 1966 akatoa riwaya, The Promised Land. Baadaye akaandika kwa Kijaluo pia, watu wa kwao wasome.

Mwaka wa 1983 Rais Moi alimteua mbunge. Angekaa kitako tu, lakini 1985 alikiacha kiti hicho akaenda kuomba kura Gem, uchaguzi mdogo. Akashinda! Akawa pia waziri msaidizi.

Alifariki 2015. Nawe kijana, wakikukataa leo, usitupe kalamu.