Guthrie: Mwimbaji aliyenyamazishwa na ugonjwa wa kurithi

WAPENZI wengi wa muziki humkumbuka Woody Guthrie kwa wimbo wake wa 1940, This Land Is Your Land. Mimi humkumbuka zaidi kwa maradhi yaliyomnyamazisha, kwani wataalamu bado wanayatafutia tiba.

Guthrie alizaliwa Julai 14, 1912 mjini Okemah, jimbo la Oklahoma, Marekani. Angali mdogo, mamake, Nora, alianza kubadilika tabia na viungo vyake kurukaruka vyenyewe. Alifariki 1930 katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Kijana huyo alishika gita, akawa sauti ya wakulima waliofukuzwa mashambani na ukame na madeni. Lakini kadiri miaka ilivyosonga naye alianza kuyumba, watu wakadhani ni ulevi. Mwaka 1952 madaktari waligundua ni ugonjwa wa Huntington, ule ule wa mamake. Vidole vilishindwa na gita, kisha ulimi ukashindwa na maneno. Aliaga dunia Oktoba 3, 1967 jijini New York akiwa na miaka 55. Binti zake wawili wa ndoa ya kwanza pia waliuawa na ugonjwa huo. Marjorie, aliyekuwa mkewe wa pili, alianzisha kamati ya kuupiga vita mwaka huo wa 1967.

Jeni inayousababisha ilipatikana 1993. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Jeni hiyo hutuma ujumbe, kupitia molekuli ya RNA, ili seli zitengeneze protini mbovu inayoua ubongo polepole. Wanasayansi walibuni kipande kidogo kinachoushika ujumbe huo, seli zikauharibu kabla haujatekelezwa. Dawa hiyo, tominersen, hudungwa kiunoni, kwenye maji ya uti wa mgongo.

Jaribio la kwanza kwa wagonjwa 46, lililochapishwa 2019, lilionyesha protini hiyo imepungua. Lakini Machi 2021 jaribio kubwa zaidi lilisitishwa kwa kuwa wagonjwa hawakupata nafuu. Jingine lilianza 2023. Mwaka huo huo Marekani iliidhinisha tofersen, dawa ya njia hiyo hiyo, dhidi ya aina adimu ya ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli.

Kwa hivyo sioni sababu ya kukata tamaa. Lakini kupunguza protini si kupona, na watoto wa nyumba kama ya Guthrie wanastahili kuambiwa yote mawili.