James Aggrey, mchungaji wa kitabu na jembe



Kila mwezi wa tisa, shule zikifunguliwa hapa Bunia, wazazi wanatujia na swali lile lile. Mtoto amemaliza madarasa ya kwanza ya sekondari, sasa ashike njia gani? Aende kwenye sayansi, ualimu, Kilatini na falsafa? Au aende kwenye ufundi, ajifunze useremala, ujenzi, umeme, ukataji na ushonaji wa nguo? Tulimwona baba mmoja akikataa kabisa mtoto wake asome ujenzi, na baba huyo mwenyewe ni mwashi aliyejenga nyumba nyingi za mtaa wake. Kwake ujenzi ni wa mtoto aliyeshindwa na shule. Tumesikia pia watu wazima wakisema kwamba watoto wa ndugu zetu waliokimbia vita, wanaoishi kambini, watosheke na nyundo na cherehani, vitabu ni vya wengine. Neno hilo lilituumiza zaidi.

Ndiyo maana tunataka kuwasimulia juu ya mtumishi mmoja wa Mungu aliyeishi na swali hili tangu ujana mpaka kufa, na ambaye alifika hata katika Kongo yetu.

James Emman Kwegyir Aggrey alizaliwa tarehe 18 mwezi wa kumi 1875 katika mji wa Anomabo, kwenye pwani ya Gold Coast, nchi inayoitwa leo Ghana. Alikuwa Mfante. Baba yake alikuwa msemaji katika baraza la chifu, na wanaomfahamu Aggrey husema kipaji chake cha kuhubiri kilitoka huko. Alisoma kwa Wamethodisti wa Cape Coast, akawa mwalimu akiwa kijana bado, kisha mkuu wa shule.

Mwaka 1898 askofu John Bryan Small, mtu mweusi mzaliwa wa Barbados aliyelitumikia kanisa la Methodisti la Weusi wa Marekani liitwalo Zion, alimpeleka kusoma ng'ambo. Aggrey akafika Salisbury, North Carolina, katika chuo cha kanisa hilo kilichopewa jina la Livingstone, yule yule aliyezunguka katika nchi zetu. Alisoma Kigiriki, Kilatini na masomo mengine ya juu, akamaliza kwa heshima mwaka 1902. Hakurudi nyumbani. Chuo kilimshika awe mwalimu, naye akafundisha hapo miaka ishirini hivi. Alimwoa Rose Douglass, binti wa Virginia, na akapokea daraja ya uchungaji.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu Aggrey aliingia Marekani wakati wa ugomvi mkubwa. Utumwa ulikuwa umekwisha mwaka 1865 tu. Katika shule za sekondari za Wamarekani, masomo ya Kilatini, hesabu na historia yalianza kuwekwa upande mmoja, na upande wa pili wakaweka useremala, uhunzi, upishi, ushonaji, kupiga mashine ya kuandika. Mwaka 1917 serikali yao ilitoa sheria ya kutia fedha katika masomo hayo ya kazi. Kwa watoto wa wazungu lilikuwa jambo la kuchagua. Kwa watoto weusi mara nyingi wengine walikuwa wamekwisha kuwachagulia. Booker T. Washington alifungua Tuskegee mwaka 1881, na wanafunzi wake walifyatua na kuchoma wenyewe matofali ya kujengea madarasa yao. Aliamini mtu mweusi aanze na kazi ya mikono, heshima itafuata. W. E. B. Du Bois alimpinga kwa nguvu, akiona kwamba watu wanaofundishwa mikono tu watatawaliwa daima na wale waliofundishwa kichwa. Katika mji wa Washington, mama Anna Julia Cooper aliongoza sekondari ya watoto weusi, akashikilia kwamba wasome masomo ya juu, na baadhi yao wakapokelewa Harvard. Mwaka 1906, baada ya mabishano marefu, alipoteza kiti chake.

Aggrey alikuwa upande gani? Ukitazama cheti chake utasema upande wa Du Bois. Lakini tangu mwaka 1914 alipewa pia makanisa mawili madogo ya vijijini, Miller's Chapel na Sandy Ridge. Waamini wake walikuwa wakulima wenye madeni. Walikopa mbegu na mbolea dukani kabla ya mavuno, na mavuno yakija yalikuwa ya mwenye duka. Mwalimu wa Kigiriki akaanza kuzungumza nao juu ya udongo, mbegu, na kuweka akiba, mpaka wakaunda chama chao cha kuweka na kukopa.

Sisi wenyewe tulipotoka shule ya theolojia na kupewa kanisa letu la kwanza, hakuna aliyetuuliza maana ya neno la Kigiriki. Mama mmoja alituuliza kwa nini mihogo yake inaoza shambani. Hatukuwa na jibu. Tulitamani wakati ule kumfahamu mchungaji wa Sandy Ridge.

Mwaka 1920 shirika la Phelps-Stokes la Marekani lilituma tume kuchunguza elimu katika Afrika, na Aggrey akawa mtu mweusi pekee ndani yake. Walipita Sierra Leone, Liberia, Gold Coast, Nigeria, Kongo ya Wabelgiji, Angola, mpaka Afrika ya Kusini. Mwaka 1924 tume ya pili ilipita kwa jirani zetu, Kenya, Uganda na Tanganyika. Makerere ya Kampala, ambako vijana wengi wa Ituri wanatamani kusoma leo, ilikuwa na miaka miwili tu, nayo ilianza kama shule ya ufundi: useremala, ujenzi, umakanika. Popote alipohubiri Aggrey alitumia mfano wa piano, ambayo haitoi wimbo mzuri kwa vidole vyeusi tu wala vyeupe tu. Hadithi yake ya tai aliyelelewa na kuku ingali inahubiriwa hata makanisani mwetu, na wengi hawajui ilienezwa na nani.

Ripoti za tume zilisema elimu ya Mwafrika ifuate maisha ya kijiji: kilimo, afya, ufundi, malezi ya nyumba. Watawala walipenda maneno hayo, na tunafikiri walipenda sehemu moja kuliko nyingine. Du Bois aliishambulia kazi hiyo. Wako waliomwona Aggrey kama mtu aliyekubali kutumiwa, na hatuwezi kusema hawakuwa na sababu. Sisi Wakongo tunajua ile njia ya ufundi peke yake inafika wapi. Wabelgiji walifundisha waashi, maseremala, makarani na wasaidizi wa waganga, na walifundisha vizuri. Mafundi wa wakati ule wanasifiwa mpaka leo. Lakini Lovanium, chuo kikuu cha kwanza, kilikuja mwaka 1954, na siku ya uhuru mwaka 1960 Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu walihesabika. Shule zetu za Kiprotestanti zilikaa bila msaada wa serikali mpaka baada ya vita ya pili ya dunia.

Ila Aggrey asipimwe kwa ripoti peke yake. Mwaka huo huo wa 1924 alirudi katika nchi aliyozaliwa, kujenga Achimota pamoja na mchungaji A. G. Fraser na gavana Guggisberg. Hapo alipata nafasi ya kufanya alichoamini. Mwanafunzi wa Achimota alishika jembe na randa, na huyo huyo akasoma hesabu, sayansi na Kilatini. Hakuna aliyetengwa upande mmoja kwa sababu baba yake ni maskini. Aggrey alipigania wasichana waingie pia, na wakaingia. Nembo ya shule ikawa vidole vya piano, vyeusi na vyeupe. Kijana mmoja aliyesomea ualimu hapo na kumpenda sana aliitwa Kwame Nkrumah.

Achimota ilifunguliwa rasmi mwezi wa kwanza 1927. Miezi michache baadaye Aggrey alikwenda New York kumaliza kitabu chake cha udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia. Ugonjwa wa utando wa ubongo ulimshika ghafula, akafa tarehe 30 mwezi wa saba, akiwa na miaka 51, na kitabu hakijakwisha. Walimrudisha Salisbury kumzika. Mtoto wake wa mwisho, Rudolph, alikuwa ametimiza mwaka mmoja juma lile lile.