Orlando Martins: Mnaija aliyeigiza na Reagan kabla Nollywood izaliwe

Ukiskia movie za Naija, najua akili inakimbilia Mzee Pete Edochie na wale vijana wafupi, Aki na Pawpaw. Sasa rudi nyuma kabisa, kabla hata Nollywood iwe na jina. Kuna mbuyu aliitwa Orlando Martins, na amini usiamini, movie zake kadhaa zinahusu hapa hapa kwetu.

Jamaa alizaliwa Lagos mwaka wa 1899. Vita ya kwanza ya dunia ilimpata kwa meli, akilisha moto wa injini makaa, na baadaye akatulia London. Usidhani aliomoka haraka. Alibeba samaki soko la Billingsgate, akapigana mieleka kwa jina Black Butcher Johnson, na kwa sarakasi akawa anacheza na machatu. Filamu aliziingilia enzi hazina sauti, yule mtu wa kupita tu nyuma.

1935 akatokea kwa Sanders of the River, staa akiwa Paul Robeson. Ukiicheki, chunga umati: kuna Mkenya aliyekuwa akisoma London na kusaka senti za matumizi. Jomo Kenyatta. Ndio, huyo huyo wa noti za zamani! Ile filamu iliishia kusifu ukoloni, na Robeson aliijutia.

Lakini kazi yake tamu, kwangu mimi, ni The Hasty Heart ya 1949. Hospitali ya jeshi kule Burma, wagonjwa wa kila taifa, mmoja wao Mmarekani anayeigizwa na Ronald Reagan. Martins ni Blossom, askari Mwafrika ambaye Kiingereza chake chote ni hilo jina lake. Hana maneno ya kukariri, ni macho na tabasamu tu, na bado anakushika. Jaribu wewe uone kama ni rahisi.

Sasa hapa ndio pana uchungu kidogo. 1951 alikuwa kwa Where No Vultures Fly, iliyopigwa Kenya, stori ya mbuga zetu. 1955 ikaja Simba, kuhusu Mau Mau. Fikiria: babu zetu wako kambini, na Mnaija yuko kwa skrini kama mzee wa kijiji cha Wakikuyu, kwa stori inayosimuliwa kwa macho ya setla. Wakenya wenyewe wako wapi? Ungemlaumu? Mwigizaji mweusi Uingereza siku hizo alipewa uchifu, uganga ama kubeba mizigo. Kukataa ni kurudi kubeba samaki. Uganga wenyewe alishaufanya 1946, akiwa Magole wa Tanganyika kwa Men of Two Worlds, na alitisha kweli.

Uzeeni akarudi nyumbani, na hapo mambo yakageuka. 1970 akawa kwa Kongi's Harvest, mchezo wa Wole Soyinka, Soyinka mwenyewe akiigiza dikteta na Ossie Davis, mtu mweusi, akielekeza. Halafu ikafuata filamu ya vitabu vya Chinua Achebe. Hatimaye stori za kwao, zimeandikwa na watu wa kwao.

Mzee alifariki Lagos tarehe 25 Septemba 1985. Wakati huo yule mgonjwa mwenzake wa Burma alikuwa White House, muhula wa pili, na Living in Bondage, iliyowasha Nollywood, ilikuwa imebakisha miaka 7 itoke.