Simon Kimbangu: miaka makumi tatu mu buloko ya Elisabethville

Wandugu wafanyakazi, na ninyi bamama na batoto mu makambi, leo tunataka kuwaeleza maisha ya mutu mumoja ambaye jina lake tunalisikia tangu utoto, lakini wengi wetu hatujue kama alimalizia maisha yake hapa hapa kwetu. Ni Simon Kimbangu.

Huku Hewa Bora makanisa mapya hayakosekane. Turubai, viti vya plastiki, bafle mbili, na kitambaa chenye jina la pasta kubwa kuliko jina la Yesu. Hatucheke mutu, sababu hata mu sendika yetu tuko na wapasta. Lakini kanisa la Kimbangu lilipandwa kwa njia ingine kabisa, na mwenyewe hakuliona likisimama.

Alizaliwa mwaka wa 1887 ku Nkamba, mu Bas-Congo. Alisoma kwa wamisionari Wabaptisti wa Uingereza, akabatizwa mwaka wa 1915, akafundisha dini mu vijiji. Wafuasi wake wanaeleza kama alisikia Mungu anamutuma, akaogopa, akakimbilia Kinshasa kutafuta kazi. Akapata kazi ku kampuni ya mafuta ya ngazi, kisha akarudia ku muji. Tarehe 6 Aprili 1921, mu kijiji cha karibu, aliwekea mwanamuke mugonjwa mikono, na habari ikaenea kama yule mama alipona.

Basi batu wakaanza kutembea kuelekea Nkamba. Wagonjwa walitoka mu lopitali, wafanyakazi waliacha mashamba ya wazungu. Sisi ba sendika tunajua vizuri hii mambo: siku batu wanaacha kazi bila kuomba ruhusa, njo siku serikali inafungua masikio. Kimbangu hakuitisha mugomo. Alikataza minkisi, ngoma za aibu na kuoa wake wengi, njo mambo yale yale wamisionari walikuwa wanakataza. Lakini aliyekuwa anasema sasa alikuwa mutu mweusi, tena bila ruhusa ya muzungu yeyote.

Mwezi wa tano administrateur Morel alifika kuangalia. Mwezi wa sita basoda walikuja kumukamata, akawaponyoka. Kwa miezi mitatu alijificha, akiendelea kuhubiri, mupaka mwezi wa tisa akarudi Nkamba na kujitoa mwenyewe. Walimupeleka Thysville, ile tunaita leo Mbanza-Ngungu, mbele ya tribinali ya kijeshi. Hakuwa na avoka. Tarehe 3 Oktoba 1921 walimukatia fimbo 120 na kifo. Wamisionari Wabaptisti waliomba asiuawe, na mufalme Albert akageuza kifo kuwa kufungwa maisha yote.

Hesabuni basi: tangu mwezi wa ine mupaka mwezi wa tisa, kazi yake yote ilikuwa ya miezi tano. Mingine yote ni buloko.

Walimuleta Elisabethville, mbali kabisa na kwao. Muji wetu ulikuwa na miaka kumi na moja tu, na ile cheminée ya Lubumbashi ilikuwa inatoa moshi tangu 1911. Bibi yake Marie Muilu alibaki Nkamba na batoto batatu wanaume: Kisolokele, Dialungana na Diangienda. Huyu wa mwisho alikuwa na miaka mitatu.

Sasa sikieni namna kanisa lilipandwa. Serikali ilikamata wafuasi wake na kuwahamisha pamoja na familia zao: Lowa, Oshwe, Ekafera, na mahali pengine mbali na Bas-Congo. Ilifikiri ukitawanya kuni moto unazimika. Lakini kule walikotupwa walikuta batu wa kabila zingine. Wakaishi nao, wakasali nao usiku kwa kujificha, wakawafundisha. Ile dini ingeweza kubaki mambo ya Wakongo wa Bas-Congo peke yao, serikali yenyewe njo iliyoisambaza mu inchi yote. Bila pasta wa kutumwa, bila franga ya Ulaya. Ku Nkamba, Mama Muilu aliendelea kushika wafuasi kwa siri, miaka na miaka.

Sisi batu ya mukini tuko na tarehe yetu ya 9 Desemba 1941, wakati basoda walipiga risasi wafanyakazi wa Union Minière mu stade ya Elisabethville, na Léonard Mpoyi akaanguka. Ile siku Kimbangu alikuwa mu buloko mu muji huu huu, akiwa amemaliza miaka makumi mbili ya kufungwa. Kama alisikia ile risasi, hakuna maandiko yanayotuambia. Lakini wakati tunakumbuka bafu wetu kila mwaka, ni vizuri kujua ni nani mwingine alikuwa anateswa ng'ambo ya ukuta.

Alikufa tarehe 12 Oktoba 1951, akiwa bado mufungwa. Miaka makumi tatu, bila kuona Nkamba tena, bila kuona bibi yake tena.

Mama Muilu naye alikufa mwezi wa ine 1959. Alikosa kuona tarehe 24 Desemba ya mwaka ule ule, wakati serikali ya Wabelgiji ilitambua kanisa. Diangienda, yule mutoto wa miaka mitatu, njo aliyekuwa mukubwa wake. Kaka yake Kisolokele aliingia waziri mu serikali ya Lumumba. Mwaka wa 1969 lilipokelewa mu Baraza la Makanisa la Ulimwengu. Kuna mafundisho yake ambayo makanisa mengine yanakataa kabisa, lakini hiyo ni kazi ya wanateolojia, si yetu.

Mwaka wa 1960, mbele ya uhuru, wafuasi walifukua maiti yake hapa Elisabethville, wakaipeleka Nkamba. Iko kule mupaka leo.